Fukusi Katika Mpango wa Miaka Kumi

Mwezi wa pili mwaka wa 1957, Idara ya Utafiti wa Mimea ilipokea barua kutoka Nairobi iliyomharibia Bwana Lomax chai yake ya saa nne. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema mpango wa utafiti wa miaka kumi ijayo hautapitishwa mpaka kwanza wenyeji waulizwe wangependa idara ichunguze nini.

"Waulizwe?" Bwana Lomax akasema, akiishika barua kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. "Waulizwe nini tena? Mpango nimeshauandika."

Kuandika alikuwa ameandika kweli. Aliyeupiga taipu ni karani wake, Zacharia Kagwe, ambaye kwa kuurudia mara nne alikuwa ameukariri kama Baba Yetu. Ulikuwa na vipengele kumi na kimoja. Tisa vilikuwa vya kahawa. Cha kumi kilikuwa cha mananasi, kwa sababu mlowezi mmoja mwenye mananasi huko Thika alikuwa akicheza gofu na Bwana Lomax kila Jumamosi. Cha kumi na moja ndicho kilichokuwa moyo wa Bwana mwenyewe: kidudu fulani cheupe, chenye mgongo wa unga unga, kinachojibanza kwenye vifundo vya mbuni na kunyonya. Bwana Lomax alikuwa amekichunguza kidudu hicho miaka kumi na miwili. Alikuwa amekichora, amekipima, amekipa jina la Kilatini ambalo wakubwa wa London walilikataa, na kidudu kikaendelea kunyonya bila wasiwasi.

"Basi tutawauliza," Bwana akasema mwishowe. "Weka kurasa mbili nyuma ya mpango. Kichwa chake, Maoni ya Wenyeji. Tutafanya mabaraza mawili, moja Thika, moja Ruiru. Wewe utatafsiri."

"Ndiyo, Bwana. Na wakitaja kitu ambacho hakimo?"

Bwana Lomax alimtazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Kitu gani?"

Zacharia alikuwa na miaka thelathini na mitatu, shati jeupe moja la kazini na jingine la kanisani, na Kiingereza alichofundishwa na wamisionari kwa kiboko. Tangu Emergency, ile hali ya hatari ya kuwasaka Mau Mau, ianze, watu wa rika lake walikuwa wamepelekwa kambini kwa malori. Yeye alikuwa amebaki. Siri yake haikuwa kubwa: kila mtu aliyeongea naye aliondoka akiwa amesikia alichotaka kusikia. DO, afisa mzungu wa wilaya, alisikia chake, chifu alisikia chake, padri alisikia chake. Zacharia hakujihesabu kuwa mwongo. Alijihesabu kuwa mkalimani.

Baraza la Thika lilifanyika nyuma ya viwanda, kwenye uwanja wa vumbi ambao ulinuka ganda la nanasi na mafuta ya mashine. DO alikuwa ametoa amri watu wahudhurie, nao wakahudhuria, kama wanaume mia moja na hamsini, wakakalishwa chini kwa mistari. Askari wawili walioletwa kutoka kaskazini walisimama pembeni na bunduki zao. Hawakujua hata neno moja la Kikikuyu na hawakuonyesha hamu ya kujifunza.

Bwana Lomax alipanda juu ya sanduku. Alipenda kuanza mwenyewe kwa Kiswahili chake.

"Jambo yote! Leo mimi hapana kuja sema. Mimi kuja uliza. Nyinyi nasema, mimi naandika kitabu. Haya! Nyinyi nataka nini?"

 Watu waliangalia vidole vyao vya miguu. Katika miaka mitano iliyopita serikali ilikuwa imewakalisha chini hivyo mara nyingi, na kila mara ilikuwa na swali moja tu, na waliojibu vibaya hawakulala kwao. Sasa leo mzungu mwenye kaptura amesimama juu ya sanduku anauliza mnataka nini. Kila mtu alijua huo ni mtego, ila hakuna aliyejua umetegwaje.

"Waambie wasiogope," Bwana akasema.

Zacharia akawaambia wasiogope. Hapo ndipo walipoogopa hasa.

Mwishowe mzee mmoja mfagizi, Wainaina, akasimama kwenye mstari wa pili. Alivua kofia, akasema kwa Kikikuyu kwa sauti ya mtu anayetua mzigo:

"Nilikula kimoja tu. Na walinilazimisha. Nyama yenyewe sikuimaliza."

Mia moja na hamsini walibana pumzi kwa pamoja. Mzee alikuwa ameungama kiapo cha Mau Mau, mbele ya watu, mchana kweupe, bila hata kuulizwa. Macho yote yakamgeukia karani.

 Zacharia alimwona mzee amesimama, kofia kifuani, akingoja lori limchukue. Akamgeukia Bwana Lomax na kusema kwa Kiingereza safi:

"Anasema, Bwana, nanasi ni tunda zuri sana. Lakini tangu azaliwe amekula moja tu, na hata hilo hakulimaliza."

"Moja tu!" Bwana Lomax aliguswa. "Maskini. Na anafanya kazi papa hapa! Andika, Kagwe. Haja kubwa ya mananasi miongoni mwa wafanyakazi wa Thika." Kisha akamwinamia mzee na kupaza sauti: "Wewe mzee muzuri! Wewe takula ingine!"

Wainaina, ambaye Kiswahili alikisikia, alikaa chini kama aliyekatwa miguu. Lakini waliomzunguka, ambao neno la Kiingereza la nanasi walilijua kutoka kwenye mikebe ya kiwandani, walikuwa wepesi zaidi. Jamaa aliyekaa nyuma yake alisimama na kusema, "Mimi pia nanasi." Akasimama wa tatu: nanasi. Wa nne akasema nanasi, na kama inawezekana, nanasi kubwa. Kufikia saa sita Zacharia alikuwa ameandika majina ishirini na matatu ya watu wanaotaka utafiti wa nanasi, na Bwana Lomax alikuwa akipiga mluzi njiani kurudi, akisema hajapata kuona watu wenye maoni yanayolingana namna ile.

Zacharia alilala vizuri. Alijiambia hajamdhuru mtu.

Baraza la Ruiru lilikuwa jambo jingine, na alilijua tangu asubuhi, Landrova ilipovuka mto na kuelekea kwenye kijiji. Kijiji hicho kilikuwa kimoja cha vile vilivyojengwa wakati wa Emergency, vibanda vimesongamana kama meno, handaki lenye miti iliyochongwa likizunguka pande zote, na lango moja. Ndani ya kijiji hicho aliishi Waithira, mama yake Wangeci, mkewe Zacharia.

Mkwe kwa kina Zacharia si mtu wa kuzoeana naye. Hukai naye kiti kimoja, huli mbele yake, humtazami usoni ukiongea. Ukikutana naye njiani unapisha, hata kama upande wa kupishia ni matope. Zacharia alikuwa ameoa miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hakuwa ameongea na Waithira maneno yanayojaza ukurasa. Alimwomba Mungu mama huyo awe amekwenda kuchota maji.

Hakuwa amekwenda kuchota maji. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, debe la mahindi katikati ya magoti.

Safari hii watu wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wa kijiji wengi walikuwa kambini au chini ya udongo. Nyuma yao walikaa wachumaji wa kahawa kutoka shamba la jirani, watu wa kutoka magharibi waliokuja kujaza nafasi za waliokamatwa. Muigai, chifu, alifungua kwa maombi marefu na vitisho vifupi. Kisha Bwana Lomax akauliza swali lake.

Hakumaliza. Waithira alikuwa ameshasimama.

"Zacharia," akasema kwa Kikikuyu, bila kumtazama, "wewe ndiye utakayemwambia?"

"Ndiye mimi, mama," Zacharia akasema, akilitazama pipa la maji lililokuwa mbali sana na pale.

"Basi ziba masikio, mkwe wangu, halafu umwambie."

Akalinyanyua debe, akapiga hatua tatu, akalimwaga juu ya meza ya Bwana Lomax, juu ya karatasi, juu ya kalamu, juu ya kofia yake iliyokuwa imepumzika. Mahindi yale hayakumwagika kama mahindi. Yalishuka kama unga, na ndani ya unga mlikuwa na fukusi, mamia kwa mamia, wakikimbia kila upande kama watoto waliofunguliwa shule.

"Haya ndiyo mahindi yangu ya mwezi wa nane," Waithira akasema. "Zamani nilikuwa na ghala yangu juu ya miguu minne, hewa inapita chini, mahindi yanakaa mwaka. Mkanitoa huko mkanileta hapa. Ghala mkasema hapana, Mau Mau watakula. Nikaweka kwenye gunia ndani ya nyumba, na mbuzi, na watoto, na moshi. Sasa Mau Mau hawali. Wanakula hawa. Mwambie huyo mzee wa magoti mekundu kwamba hapa kijijini kuna vibanda mia tatu, na kila kibanda kinalisha hawa kabla ya watoto. Na mwambie tunamjua. Sisi ndio huokota vile vidudu vyake vyeupe tunamtilia kwenye chupa. Miaka kumi na miwili anachungulia matako ya kadudu, na kadudu bado hakajamkubali. Aache kukatongoza. Achungulie haya matako, ndiyo yanayokaa juu ya chakula changu."

Wanawake walijifunika midomo kwa leso. Chifu Muigai alikuwa na rangi ya majivu. Zacharia alihisi masikio yakiwaka, kwa kuwa mama mkwe alikuwa ametaja kile kitu mbele yake, mara mbili, na yeye alitakiwa sasa kukisema mara ya tatu kwa lugha ya kigeni.

"Anasemaje?" Bwana Lomax akauliza, akimtoa fukusi kwenye nyusi.

Zacharia akakohoa.

"Anasema, Bwana, amekuletea zawadi ya mahindi. Anashukuru kwa kazi yenu ya miaka kumi na miwili. Anasema... wadudu wako wanapendwa sana hapa."

 Kisha kutoka nyuma, katikati ya wachumaji wa kahawa, kikatoka kicheko cha mwanamke, kicheko kinene cha kutoka tumboni, na baada ya kicheko kikatoka Kiingereza.

"Samahani, Bwana. Huyu mama hajasema hivyo hata kidogo."

Aliyesimama alikuwa mwanamke mrefu, kikapu cha kuchumia kikiwa bado kiunoni. Aliitwa Nakhumicha. Kabla ya kuolewa na kuja Ruiru alikuwa amelea watoto wa daktari mmoja Mwingereza huko Kitale miaka saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha mezani, chenye 'tafadhali' na 'asante', kilichonyooka kuliko cha Zacharia. Kikikuyu alikuwa amejifunza kwenye mistari ya kahawa, alikojifunza pia matusi yote.

"Alisemaje?" Bwana Lomax akauliza polepole.

Nakhumicha akamwambia. Alimwambia yote, kuanzia ghala ya miguu minne mpaka kwenye kutongoza, na kwa kuwa alijifunza kwa watoto, lile neno la nyuma alilitamka vile watoto wa daktari walivyolitamka bafuni. Dereva wa Landrova aliingia chini ya gari akisingizia kuna kitu kinavuja.

Bwana Lomax alianza kuiva kutoka shingoni. Rangi ilipanda mashavuni, ikafika kwenye paji la uso, ikakutana na alama ya kofia ikasimama. Chifu alikuwa ameshika kiboko chake, anangoja ishara. Zacharia alifikiria malori.

Lakini macho ya Bwana yalikuwa mezani. Fukusi mmoja alikuwa akipanda ukingo wa mpango wa miaka kumi, mdomo wake mrefu ukitangulia, na Bwana Lomax, ambaye tangu utoto hakuwa amewahi kumwona mdudu akampita bila kumkagua, aliinama. Akatoa lenzi mfukoni. Akachungulia. Akageuza punje moja, akachungulia tundu. Akataja jina fulani la Kilatini kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsalimia adui wa rafiki yake.

"Ni mwezi wa nane mpaka sasa tu?" akauliza.

Nakhumicha akatafsiri. Waithira akasema ndiyo.

"Na yote yako hivi?"

"Mwambie aje aone," Waithira akasema.

Bwana Lomax alijaza kiberiti chake fukusi, akavaa kofia yake yenye unga, akatangaza baraza limekwisha.

Njiani hakupiga mluzi. Walipofika kwenye mteremko wa mto, akasema bila kugeuka:

"Kagwe. Yule mama amekukosea nini hata ukaniambia amenishukuru?"

"Ni mama mkwe wangu, Bwana."

Bwana alikaa na jambo hilo mpaka walipofika ng'ambo. Yeye pia alikuwa na mama mkwe, aliyeishi naye nyumba moja, mwenye mbwa watatu.

"Naelewa," akasema. "Lakini Thika je? Yule mzee wa nanasi. Yeye alisema nini hasa?"

Zacharia aliona kwamba hapa ndipo. Angeweza kusafisha dhamiri yake yote kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ingempeleka Wainaina mfagizi kambini. Akamtazama Bwana Lomax machoni kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Alisema amekula moja tu, Bwana. Na hakulimaliza. Hayo ni maneno yake yenyewe."

Na hayo yalikuwa maneno yake yenyewe.

"Vizuri," Bwana akasema. "Basi kesho kutwa nataka kurasa zangu mbili za Ruiru. Nikikuta humo shukrani hata moja, utarudi kupalilia."

Zacharia alifika kwake na kumkuta Wangeci amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Habari zilikuwa zimemtangulia, maana habari zina miguu myepesi.

"Mama alikwenda na fukusi," Wangeci akasema, "wewe ukampa mzungu maua."

"Nilikuwa nikimlinda mama yako."

"Alikuambia umlinde?"

Hakumwambia. Zacharia alikula akiwa amegeukia ukuta.

Kesho yake asubuhi alirudi kijijini kwa baiskeli, daftari limefungwa nyuma. Alimtafuta kwanza Nakhumicha, akamkuta kwenye mizani ya kahawa.

"Mama Nekoye," akamwita kwa jina la mtoto wake, kwa heshima, "jana umenivua nguo mbele ya watu."

"Karani, wewe ulikuwa umevaa nguo gani?" Nakhumicha akasema kwa Kiswahili. "Mimi nalala na hao dudu pia. Sisi watu wa kambi ya shamba tunapewa posho ya unga. Unga inakuja na nyama ndani. Kama mzungu ameuliza, wacha ajibiwe. Ataniuliza lini tena?"

 Zacharia akamwomba waende pamoja kwa mama mkwe, kwa sababu peke yake hangeweza.

Waithira aliwapokea nje. Alimwekea mkwe wake kigoda upande wa pili wa ukuta wa kibanda, ili wasitazamane, na Nakhumicha akakaa kwenye pembe, kati yao, akimwona kila mmoja. Hivyo ndivyo maoni ya wenyeji wa Ruiru yalivyochukuliwa: mama akiongea na ukuta, karani akiandika kwa ukuta, na mchumaji wa kahawa akipiga chapa kwa kutikisa kichwa.

"Andika vile nilivyosema," Waithira akasema.

"Hata... sehemu ile, mama?"

"Ile unaweza kuacha. Ilikuwa ya kumwamsha tu."

Kisha akasema jambo ambalo Zacharia hakulitarajia. Akaingia ndani akatoa vibuyu vitano, akavipanga. Tangu mavuno, alisema, yeye hajakaa bure. Kibuyu cha kwanza mahindi matupu. Cha pili mahindi na majivu ya kuni. Cha tatu mahindi na pilipili. Cha nne aliweka mubangi uliokaushwa, lile gugu la shambani linalonuka vibaya hadi mbuzi analikwepa. Cha tano aliweka majivu na mubangi pamoja. Akavifungua kimoja kimoja, akampitishia mkwe wake kwa mkono wa Nakhumicha.

Cha kwanza kilikuwa unga. Cha tatu kilikuwa unga wenye kuwasha. Cha tano, Zacharia alipoinamisha, punje zilimwagika kiganjani ngumu, nzima, zikigongana kama shanga.

Alizitazama muda mrefu. Alikuwa amepiga taipu ripoti za idara miaka sita, na hakukumbuka hata moja iliyoishia na kitu unachoweza kutafuna.

"Mama," akasema, "mbona hukusema haya jana?"

"Jana aliuliza nataka nini," sauti ikatoka nyuma ya ukuta. "Hakuuliza najua nini."

Ripoti ilikuwa kurasa tatu badala ya mbili. Bwana Lomax aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Kurasa za Thika hakuzigusa, na Zacharia naye hakuzigusa. Watu ishirini na watatu wakabaki wapenzi wa nanasi mpaka leo katika makabati ya serikali, na hakuna aliyeumia. Mwishoni Bwana alishika kalamu, akaandika kwa mkono chini ya kipengele cha kumi na moja: "12. Uharibifu wa nafaka katika maghala ya Waafrika, na njia za kienyeji za kuuzuia." Alikiandika kwa herufi ndogo, kama anayemkaribisha mgeni jikoni.

"Hawatakipitisha," akasema. "Ila kitaonekana vizuri."

Jibu kutoka Nairobi lilikuja mwezi wa nane. Kamati ilifurahi. Ilikuwa imepokea mipango ya idara saba, na katika yote hiyo huu peke yake ulikuwa na dalili kwamba mtu fulani aliulizwa kitu, jambo ambalo London ilikuwa ikilisisitiza. Kipengele cha kumi na mbili kikapitishwa, na kuwekwa cha kwanza. Vya kahawa vikapunguzwa hadi sita. Nanasi likapita kwa sababu ya haja kubwa ya wafanyakazi. Kipengele cha kumi na moja, cha kidudu cheupe, kikafutwa, kwa kuwa miaka kumi na miwili ilionekana inatosha. Chini kabisa mtu alikuwa ameuliza kwa wino mwekundu kama idara inapendekeza kweli kutumia bangi, na kama polisi wanajua.

Bwana Lomax alijifungia ofisini siku mbili. Siku ya kwanza Zacharia aliandika barua ya kueleza tofauti ya bangi na mubangi. Siku ya pili alimsikia Bwana akifungua makabati, na alipochungulia alimkuta akipanga michoro yake ya kile kidudu kwenye sanduku, mmoja mmoja, akiipangusa vumbi kwanza. Zacharia hakuwa amewahi kumhurumia mzungu, na hakujua huruma hiyo aiweke wapi. Akamletea chai.

"Haya," Bwana akasema alipoimaliza. "Twende kwa mama mkwe wako."

Wakaanza kwenda kila Alhamisi. Bwana Lomax alileta mitungi sitini ya kioo na vibandiko. Waithira alikikataa kioo, akasema mahindi hayalali kwenye dirisha, wakabishana, na mwishowe nusu ikawa mitungi na nusu vibuyu. Nakhumicha aliajiriwa kuhesabu fukusi, waliokufa upande huu, walio hai upande ule, na alikuwa hodari kuliko mtu yeyote wa idara. Zacharia alitafsiri. Mwanzoni bado ulimi ulimteleza kuelekea kwenye asali, na kila ulipoteleza Nakhumicha alipiga mtungi kwa kucha, ting, naye akarudia upya. Aligundua kwamba Bwana hakufa kwa kuambiwa ukweli. Waliwahi hata kukorofishana vibaya, Bwana na Waithira, juu ya kiasi cha majivu, kila mmoja akifoka kwa lugha yake, na Zacharia akasimama katikati akifoka kwa zote mbili, na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika.

Matokeo yalikamilika mwezi wa sita mwaka uliofuata. Mahindi matupu, punje themanini katika kila mia zimetobolewa. Majivu na mubangi, punje saba. Chifu Muigai alitangaza kwamba alijua tangu mwanzo. DO aliruhusu ghala za miguu kujengwa ndani ya handaki, kwanza kumi, halafu watu wakaacha kuhesabu wakazijenga tu.

Bwana Lomax aliandika ripoti. Ilipofika mezani kwa Zacharia kupigwa taipu, ilisema: "Njia hii ilipatikana kwa mkulima mmoja mwenyeji." Zacharia aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Akaweka karatasi kwenye mashine, akapiga: "Njia hii ilivumbuliwa na Bibi Waithira, wa Ruiru, na hesabu zilifanywa na Bibi Nakhumicha."

Bwana aliirudisha, majina yamekatwa kwa mstari mmoja wa wino. Zacharia akapiga ukurasa upya, na majina yale yale. Ukarudi umekatwa tena, na safari hii mstari ulikuwa mnene. Akapiga mara ya tatu. Kisha akauchukua ukurasa mwenyewe mpaka ofisini, akauweka mezani, asiondoke.

"Kagwe," Bwana Lomax akasema, "katika ripoti za kisayansi hatufanyi hivi."

"Najua, Bwana. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mimi ni mkalimani tu."

 Bwana akashika kalamu, akaiinamisha juu ya majina, ikakaa hewani.

"Nakhumicha," akasema hatimaye. "Herufi h ziko mbili?"

"Mbili, Bwana."

Akatia sahihi chini.

Zacharia alichukua nakala moja Jumapili, baada ya kanisa, akaenda nayo kijijini. Alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya ukuta akausoma ukurasa wote kwa Kikikuyu kwa sauti, bila kuongeza na bila kupunguza. Wangeci alikuwapo, na Nakhumicha alikuja na mwanawe mgongoni. Alipofika kwenye majina alisikia upande wa pili mtu akivuta pumzi.

"Rudia hapo," Waithira akasema.

Akarudia.

"Wameandika vizuri," akasema. Kisha, baada ya kidogo: "Sasa hiyo kamati ya Nairobi, bado inauliza watu wanataka nini?"

"Nafikiri, mama. Mbona?"

"Toa kalamu," Waithira akasema. "Choo cha hiki kijiji kimejaa tangu mwaka jana, na nina maoni."